Ukungu Katika Picha za Zamani

Watu wengi wakizitazama picha za karne ya 19 husema kwamba wahenga walikuwa watu wa huzuni, na mitaa yao mitupu. Tumelisikia neno hilo hata katika madarasa ya historia. Sisi twaona kuwa wahenga wanasingiziwa, maana msemaji hajajiuliza picha zenyewe zilichukua muda gani kupigwa.

Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga picha barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ile ilikuwa na pilikapilika nyingi, lakini bamba lake lilihitaji nuru ya dakika kadhaa, na waliopita wakapita bila kuacha alama. Aliyebaki dhahiri ni mtu mmoja, aliyesimama akisafishiwa viatu.

Hata mabamba ya Frederick Scott Archer, ya mwaka 1851, yalitaka sekunde kadhaa. Mpiga picha aliondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, akakirudisha. Aghalabu kichwa cha aliyepigwa kiliegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma yake. Nani awezaye kushika tabasamu muda wote huo? Basi ngoma na michezo ya watoto havikukosekana Pwani. Vilishindwa tu kutulia katika bamba.

Mambo yalianza kugeuka Juni 1878, huko Palo Alto, California. Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, na nyuzi zilizokatiza njia zikafyatua shata, yaani vilango vya kamera, kimoja baada ya kingine. Ikaonekana kwamba farasi aendaye shoti huwa na nukta ambapo miguu yote minne haigusi ardhi, nayo imekunjwa chini ya tumbo, si kunyoshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea.

Nasi utotoni, ingawa kamera ilihitaji sehemu ndogo tu ya sekunde, fundi alitukemea: “Usitikisike! Usicheke!” Sababu ilikwisha kufa, desturi ikabaki.

Mpiga ngoma akipigwa picha kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, mkono wake huganda hewani kama wa sanamu. Kwa sehemu ya thelathini, mkono huwa moshi juu ya ngozi. Twaipenda ya pili, ijapokuwa wengine wataiita mbovu.

Mwalimu mwenye picha ya kale ya mtaa na awaonyeshe wanafunzi yale madoa hafifu ya ukungu karibu na kuta. Huenda hapo palikuwa na mtu akienda zake.