Filamu za BEKE

Filamu za BEKE ni filamu fupi zipatazo 35 zilizotengenezwa kati ya 1935 na 1937 na BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment), mradi wa majaribio ya sinema ya elimu wenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi ulisimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha hasa za Shirika la Carnegie la New York.

Ingawa sinema ya sauti ilikwisha kuenea duniani, filamu hizi zilipigwa bila sauti, kwa mkanda wa milimita 16. Maneno na muziki vilirekodiwa kando kwenye santuri, hivyo filamu moja iliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki na ya Kati. Baadhi zilikuwa za mafunzo matupu. Nyingine zilikuwa michezo ya kuigiza iliyochezwa na wenyeji. Mojawapo inahusu kibarua aliyefukia mshahara wake ardhini ukaibwa, huku mwenzake akiweka wake katika benki ya posta.

Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, zilizohifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, nazo ni za tiba ya mifugo, safura, na kilimo huko Kingolwira. Kupotea kwa nyingine ni pengo zito: michezo yenyewe, miongoni mwa maigizo ya kwanza ya Kiswahili kwenye filamu, haionekani tena. Michezo ya Dar es Salaam kama *Muhogo Mchungu*, alimoigiza Rashidi Kawawa, ilifuata miaka ya 1950, ikiwa na sauti.