Printa inapogoma nyumbani: Kiini cha tatizo na namna ya kulitatua

MJINI Mwatate, kaunti ya Taita Taveta, kama kwingineko nchini, karatasi iliyochapishwa ingali na thamani yake. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliwalazimu wazazi wengi kuchapisha picha na kazi za watoto wao. Aidha, stakabadhi nyingi za serikali siku hizi hupatikana katika jukwaa la eCitizen, lililozinduliwa mwaka 2014, na mwenye kuzihitaji hulazimika kuzichapisha mwenyewe au kwenda saiba.

Ndiposa baadhi ya familia hununua printa na kuiunganisha na mtandao wa nyumbani. Hata hivyo, furaha yao mara nyingi haidumu. Jana mashine ilichapisha bila taabu. Leo saa nne usiku, mtoto akihitaji kazi ya kuwasilisha asubuhi, tarakilishi inadai kwamba printa haipo, ilhali taa yake inawaka.

Wengi huhitimisha kuwa mashine imeharibika, wakaipeleka Voi kwa fundi au hata kununua nyingine. Gharama hiyo aghalabu huwa ya bure, kwani printa yenyewe ni nzima. Kilichopotea ni anwani.

Kila chombo kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani hupewa nambari ya kukitambulisha, mathalani 192.168.1.5. Mgawaji wa nambari hizo ni ruta, nayo huzitoa kwa muda tu. Stima inapopotea na kurudi, vyombo huomba nambari upya, na ile iliyokuwa ya printa huweza kupewa simu au televisheni. Tarakilishi isiyo na habari huendelea kutuma waraka kwenye anwani ya zamani, mithili ya mjumbe anayebisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama.

Sababu ya pili ni kuchanganya mitandao. Iwapo printa imeunganishwa na ruta, nayo tarakilishi inatumia intaneti ya simu, viwili hivyo haviwezi kuonana. Hali huwa vivyo hivyo chombo kimoja kinapotumia mtandao uliotengewa wageni. Vilevile, printa nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo haziwezi kujiunga na mtandao wa gigahezi 5.

Sababu ya tatu ni foleni. Waraka mmoja ukikwama, unaofuata haupiti. Mtumiaji mwenye hasira hubonyeza tena na tena, na mawasiliano yanaporejea mashine hutoa nakala kumi za ukurasa mmoja, wino ukaisha.

Je, msomaji afanye nini? Kwanza, achapishe ukurasa wa majaribio kwa kutumia vitufe vya printa yenyewe, bila tarakilishi. Ukitoka safi, mashine haina ila, na hitilafu itafutwe kwenye mawasiliano.

Pili, azime vyote, kisha awashe ruta na kusubiri dakika chache, ndipo awashe printa, na tarakilishi iwe ya mwisho. Tatu, ahakikishe kuwa jina la mtandao ni lile lile kwenye vyombo vyote viwili. Nne, afute nyaraka zote zilizo kwenye foleni kabla ya kutuma upya.

Tano, na hili ndilo linalozuia tatizo kurudi, afungue ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuitengea printa anwani ya kudumu, ambayo haitapewa chombo kingine. Baada ya hapo aiondoe printa kwenye orodha ya tarakilishi na kuisajili upya kwa anwani hiyo. Kazi hii hufanywa mara moja tu, na kukatika kwa stima hakutaivuruga tena.

Anayetegemea mwongozo wa zamani unaotaja huduma ya Google Cloud Print asijisumbue, kwani ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020.

Isitoshe, ni busara kuhifadhi waya wa USB karibu na mashine. Usiku ambapo mtandao umekataa katakata na mtoto anasubiri, waya huo huunganisha printa na tarakilishi moja kwa moja, bila kuhitaji anwani wala ruta.