Konteri haioni barabara: historia ya pinyo moja ndogo

Safari hii siandiki juu ya muhogo wala mbolea. Naandika juu ya spidomita, ile siye tunaita konteri, na juu ya kipande cha plastiki chenye meno, kidogo sawa kidole gumba, ambacho kinaweza kufanya mtu mzima aitwe mwizi. Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie.

Konteri ya zamani haipimi mwendo wa gari. Haioni barabara. Inahesabu tu mizunguko ya kebo inayotoka chini ya gari, halafu inaamini kwamba mizunguko fulani ni kilomita moja. Kama mtu amebadilisha kitu huko chini, konteri haitajua. Itaendelea kuamini.

Mwaka 1902 Otto Schulze, mhandisi wa Strasbourg (wakati ule mji wa Ujerumani), alisajili Berlin hati ya uvumbuzi wa spidomita ya sumaku. Kebo inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani, lakini sumaku ikizunguka inavuta kikombe, na springi nyembamba sawa unywele inakizuia kisizunguke mpaka mwisho. Kadiri sumaku inavyokimbia, ndivyo mshale unavyopanda. Ni kitu rahisi na cha akili sana. Karibu karne nzima magari ya dunia yaliishi nacho. Kule Marekani, Arthur Warner wa Beloit, Wisconsin, naye alikuwa ametengeneza chombo cha kupima mwendo wa mashini za kukata chuma, kisha akakipeleka kwenye magari. Jina lake liko mpaka leo katika Stewart-Warner.

Siku hizo za kwanza kebo ilifungwa mara nyingi kwenye gurudumu la mbele. Ford Model T, kama mwenyewe alinunua konteri, iliifunga hapo: pinyo kubwa kwenye gurudumu, pinyo ndogo inayoifuata, na kebo inayopanda mpaka kwa dereva. Tope, vumbi, mawe, tena gurudumu lenyewe linakata kona kila saa. Meno yaliisha haraka. Basi viwanda vikahamisha kazi hiyo nyuma ya giaboksi, kwenye shafti inayotoka kwenda pon ya nyuma. Pale kuna oili, hakuna tope.

Kwa maoni yangu, njo hapo deni lilianza. Kwenye gurudumu la mbele, ulihitaji kujua ukubwa wa pneu tu. Kwenye shafti ya giaboksi, kati ya pinyo na barabara sasa kuna pon yenye hesabu yake, halafu pneu. Ukibadilisha pon, konteri inadanganya. Ukivalisha pneu kubwa, inadanganya. Ukitoa giaboksi na kuweka ingine yenye pinyo za meno tofauti, inadanganya pia.

Ili mshale useme kweli, lazima watu wakubaliane kebo itazunguka mara ngapi. Wamarekani waliweka mizunguko 1000 kwa maili moja. General Motors wakaandika 1001. Wajapani waliweka 637 kwa dakika gari ikienda kilomita 60 kwa saa, ndiyo kusema mizunguko 637 kwa kila kilomita. Kazi yote ya pinyo mbili za nyuma ya giaboksi ni kufikisha kebo kwenye namba hiyo.

Watu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa kubadilisha giaboksi otomatiki. Chevrolet ilitoa Powerglide mwaka 1950, yenye gia mbili tu. Magari ya 1969 yakaja na Turbo-Hydramatic 350, gia tatu. Kisha magari ya 1982 yakaja na 700R4 yenye gia nne, na ile ya nne inaacha mashini izunguke mara 0.70 tu kwa kila mzunguko mmoja wa shafti. Baada ya kupanda kwa bei ya petroli mwaka 1973 na tena 1979, unaelewa juu ya nini watu walitaka kutoa 350 ndani ya gari ya zamani na kuingiza 700R4.

Hapa wengi wanachanganyikiwa. Wanafikiri gia ya nne ndiyo inaharibu konteri. Hapana! Pinyo iko kwenye shafti ya kutoka, baada ya gia zote. Konteri haijui uko gia gani. Kinachobadilika ni meno. Kwenye 350, pinyo ya shafti mara nyingi ina meno 8. Kwenye 700R4 ina 15 au 17, na ile inayozungusha kebo inaanza meno 34 mpaka 45, kila hesabu na rangi yake. Tena kuna nyumba mbili za kuishika, moja ya 34 mpaka 39, ingine ya 40 mpaka 45, kwa sababu pinyo ikinenepa lazima isogee mbali kidogo na mwenzake.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua meno ya pinyo ya shafti, zidisha kwa hesabu ya pon, zidisha kwa mizunguko ya pneu katika maili moja, gawa kwa 1001. Gari yenye meno 17, pon ya 3.08 na pneu inayozunguka mara 780: unapata 40.8, basi unaweka pinyo ya 41. Kama umenunua giaboksi ya kuokota na ndani yake iko 39 ya mwenyewe wa kwanza, kebo itakimbia zaidi. Ukienda 100, mshale utasema 105. Meno zaidi kwenye pinyo ya kebo, mshale unashuka. Meno zaidi kwenye pinyo ya shafti, mshale unapanda. Na kama hakuna pinyo inayofaa, wanauza kiboksi kidogo cha kufunga katikati ya kebo.

Sasa turudi kwetu. Koperative moja ninayosaidia kwa kazi ya mbegu iko na pikapu ya zamani, ya kebo. Giaboksi yake ya mkono ilikufa, na fundi akapata otomatiki ndani ya gari ya Japani iliyokatwa nusu. Ikafungwa, gari ikatembea vizuri, kila mtu akafurahi. Baada ya miezi miwili, mtunza hesabu akafungua daftari ya gari: lita 60 za mazutu kwa kilomita 500. Zamani pikapu hiyo haikufika lita 11 kwa kilomita 100, sasa inakunywa 12! Dereva akaitwa. Waliamua kwamba anauza mazutu njiani, na pesa ikakatwa ku mshahara.

Mimi dereva yule namfahamu, lakini kufahamiana si ushahidi. Sisi wa agronomia tumefundishwa kutoamini mwendo wa trakta unaoandikwa kwenye konteri, kwa sababu magurudumu yanateleza shambani. Kabla ya kupulizia dawa tunapiga vigingi mita 100 na kushika saa: sekunde 60 ni kilomita 6 kwa saa. Ukifikiri unaenda 6 na kumbe unaenda 5, unamwaga asilimia 20 ya dawa zaidi kwa hektari. Basi tukafanya sawa vile na pikapu, ila kwa simu. Simu ikahesabu kilomita 100, konteri ikaandika 88.

Fundi akatoa pinyo ya kebo: meno 33. Tukapiga hesabu kwa pneu na pon yetu, ikatoka 29. Gawa 29 kwa 33, unapata ile 88 kwa 100. Kilomita 500 za daftari zilikuwa 568 za barabara, na lita 60 zikawa 10.6 kwa kila 100. Hakuna mazutu iliyouzwa.

Siku hizi jambo hili linapotea. Tangu 1993, mrithi wa 700R4, yaani 4L60-E, anaongozwa na kompyuta. Sensa inahesabu na fundi anarekebisha kwa programu. Lakini magari ya kebo yatakaa kwetu miaka mingi bado.

Pinyo mpya inasahihisha kesho tu. Kilomita zilizopita zinabaki na uongo wao. Wamarekani walitunga sheria mwaka 1972 kukataza kuchezea hesabu hiyo. Konteri ikitengenezwa na ikashindwa kubaki na namba yake ya zamani, lazima irudishwe sifuri na karatasi ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, yenye namba ya zamani na tarehe. Pikapu yetu haina karatasi mlangoni. Tuliandika ndani ya daftari kwa bic nyekundu: tarehe, namba ya siku hiyo, meno 33 yametoka, meno 29 yameingia. Chini yake mtunza hesabu akaandika kiasi cha pesa ya dereva, na dereva akatia saini kwamba ameipokea.