Jamaica Ilifunga Skrapu Kabla Yetu

Wasee, mnakumbuka Januari 2022? Minara ya stima iliangushwa, nchi ikaingia giza, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Mei ikafunguliwa tena.

Jamaica walishapitia hiyo movie. Kisiwa kidogo, skrapu yake inauzwa ng'ambo kwa makontena. Miaka ya 2000 China ilikuwa inajenga kama wazimu, bei ya chuma ikapanda duniani kote. Sasa, Jamaica ilikuwa na reli tangu 1845, lakini treni za abiria zilisimama 1992. Chuma kimelala tu porini, nani atakiacha? Wezi wakang'oa reli, wakakata nyaya. Julai 2011 serikali ikafunga biashara yote. 2013 ikafunguliwa, na masharti makali zaidi.

Mimi naona hivi: ukifunga kila kitu, wa kwanza kulala njaa ni yule msee wa mkokoteni anayeokota sufuria zilizotoboka. Na hakuna mtu wa gunia anayebeba reli mgongoni hadi bandarini. Kuna mnunuzi, kuna lori, kuna kontena yenye karatasi. Si tuanzie hapo?