Diski za Bei Mbaya: Historia ya Matoleo ya Wakusanyaji wa Sinema

Toleo la wakusanyaji ni nakala ya filamu inayouzwa ghali kuliko nakala ya kawaida kwa sababu ya vitu vilivyoongezwa ndani yake: picha iliyokarabatiwa, maelezo ya mwongozaji, vipande vilivyokatwa, kijitabu, na mara nyingi kasha zuri la kuwekwa sebuleni ili wageni walione. Biashara hii ilizaliwa Marekani, na ina umri mkubwa kuliko DVD.

Desemba 1978, katika mji wa Atlanta, kampuni za MCA na Philips zilianza kuuza filamu kwenye diski ya sentimita 30, upana wa santuri ya muziki, iliyosomwa kwa mwanga wa leza. Baadaye ilijulikana kwa jina la LaserDisc. Picha yake iliiacha mbali kanda ya VHS, lakini mashine yake ilikuwa ghali, haikuweza kurekodi vipindi vya televisheni, na mtazamaji alilazimika kuinuka kugeuza diski filamu ikiwa imenoga. Familia nyingi zikabaki na kanda. LaserDisc ikawa ya wachache wenye fedha na wazimu wa sinema, na mteja wa aina hiyo, akipewa sababu ya kuridhisha, hulipa zaidi bila kunung'unika.

Sababu ilipatikana mwaka 1984, pale kampuni ya Criterion Collection ilipotoa filamu zake mbili za kwanza, Citizen Kane na King Kong. LaserDisc ilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja. Katika King Kong, sauti moja ilikuwa ya filamu yenyewe. Katika nyingine alirekodiwa Ronald Haver, msimamizi wa filamu katika makumbusho ya sanaa ya Los Angeles, akieleza jinsi matukio yalivyopigwa huku filamu ikiendelea. Hayo yanahesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya namna hiyo katika video za nyumbani. Kwa Mwafrika Mashariki, mtu kusema juu ya filamu si ajabu: waliopita kwenye vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu wa Tanzania akizitafsiri filamu, na Wakenya wana DJ Afro wao. Ila Haver hakutafsiri wala hakuchekesha. Alifundisha.

Jambo la pili lilihusu umbo la picha. Televisheni za wakati huo zilikaribia kuwa mraba, ilhali filamu nyingi tangu miaka ya 1950 zilipigwa kwa skrini pana. Watengenezaji wa kanda walikata pembeni ili picha ijae kioo, hivyo watu wawili wakizungumza, mmoja kushoto na mwingine kulia, mara nyingi mmoja wao alibaki pua tu au akatoweka kabisa. Criterion ikaanza kuiacha picha nzima, na mistari myeusi juu na chini. Wapo walioona wamepunjwa nusu ya kioo. Wakusanyaji walifurahi, kwani sasa waliiona filamu kama ilivyoonyeshwa ukumbini.

Gharama nayo ilikuwa na maelezo. Diski za daraja la juu zilibeba fremu 54,000 kila upande, kila fremu na namba yake, na mtu aliweza kusimamisha picha moja na kuichunguza bila kutikisika. Lakini upande mmoja ulichukua dakika 30 tu; filamu ya saa mbili ilikula pande nne. Mwaka 1993 filamu tatu za kwanza za Star Wars zilitoka katika kasha la diski tisa pamoja na kitabu, kwa bei ya karibu dola 250. Miaka minne baadaye muumbaji wake, George Lucas, alizirudisha filamu hizo ukumbini zikiwa zimebadilishwa, na akaendelea kuzibadilisha kila zilipotoka upya. Matoleo ya awali yalipowekwa kwenye DVD mwaka 2006, kama nyongeza tu, picha yake ilitolewa kwenye nakala zilezile zilizoandaliwa kwa ajili ya LaserDisc ya 1993. Aliyetoa dola 250 alikuwa amekaa miaka mingi na kitu ambacho duka halikuwa nacho.

DVD iliingia Japani Novemba 1996 na Marekani mwaka uliofuata. Ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, na maelezo ya sauti na picha pana vikawa vitu vya kawaida. Kampuni za filamu zililazimika kutafuta njia nyingine ya kumtoa mteja fedha, na njia iliyopatikana ni kumuuzia filamu ileile mara mbili. The Lord of the Rings ya kwanza ilitoka kwenye DVD Agosti 2002 ikiwa na dakika 178. Novemba ya mwaka huohuo ikatoka tena kwa diski nne, ikiwa na dakika 208, na lilikuwapo pia kasha la zawadi lenye sanamu mbili za kuegemeza vitabu.

Hata hivyo, toleo hilo la diski nne halikuwa ulaghai. Diski mbili kati ya hizo zilijaa filamu za saa nyingi kuhusu utengenezaji: uandishi, silaha, sanamu ndogo za majumba, muziki. Zilifanya kazi ya chuo kwa vijana wengi waliotaka kujua sinema inavyotengenezwa. Desemba 2020 filamu za The Lord of the Rings zilitoka upya kwenye diski za 4K, kwa picha bora kuliko zote zilizotangulia, lakini kasha halikuwa na filamu hizo za utengenezaji wala maelezo ya sauti. Anayeyataka hana budi kutafuta diski za zamani, ambazo kwenye maduka ya mitumba Ulaya na Marekani huuzwa kwa bei ya kutupa.

Blade Runner inaonyesha upande wa pili. Desemba 2007 filamu hiyo ya 1982 ilitoka kwenye mkoba wa mkononi wenye diski tano, kigari cha kuchezea na mnyama mdogo mwenye pembe moja. Ndani mlikuwa na matoleo matano ya filamu, kuanzia nakala ya majaribio hadi ile ambayo mwongozaji Ridley Scott aliikamilisha mwaka huohuo. Kwa mtafiti hiyo ni hazina. Lakini kwenye Blu-ray, aina ya diski iliyoifuata DVD, diski zilezile tano ziliuzwa pia katika kasha la kawaida, kwa hiyo aliyeongeza fedha alinunua mkoba na vikorokoro.

Wakati mwingine toleo la baadaye huwa baya kuliko lililotangulia. Predator, filamu ya Arnold Schwarzenegger ya 1987, ilitoka kwenye Blu-ray mwaka 2008 ikiwa na chembechembe nyingi, kama filamu za wakati wake zilivyo. Mwaka 2010 ikaja nyingine yenye jina la kishindo na ahadi ya picha safi. Chembechembe zilisafishwa kwa kompyuta hadi ngozi ya waigizaji ikawa laini kama nta, vinyweleo na jasho la msituni vikapotea. Mwaka 2024 lawama kama hizo zilimfuata mwongozaji James Cameron kwa diski zake za 4K za Aliens na True Lies. Hatari hii huwa kubwa kwa mnunuzi anayesoma jina la toleo bila kusoma uchambuzi wa picha.

Kuna wanaonunua kwa matumaini ya kuuza baadaye. Salò ya Pier Paolo Pasolini, iliyotolewa na Criterion kwenye DVD mwaka 1998 na kuondolewa sokoni muda mfupi baadaye, ilifikia mamia ya dola. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliitoa tena, na bei ya ile ya zamani ikaanguka. Isitoshe, diski huoza. LaserDisc nyingi ziliharibika kwa sababu gundi iliyounganisha pande mbili iliruhusu hewa kuifikia alumini. Mwaka 2025 Warner Bros. ilikubali kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zilikuwa zinakufa zenyewe kabatini.

Soko la kawaida limepungua sana. Netflix ilifunga huduma yake ya kukodisha diski kwa posta Septemba 2023, na maduka ya Best Buy yakaacha kuuza filamu mwaka uliofuata. Wengi wa waliobaki ni wakusanyaji, na kampuni zimerudi kwenye hesabu za enzi ya LaserDisc: nakala chache, bei kubwa. Katika hali hiyo fedha hutumika vizuri zaidi kwa filamu ambazo huduma za mtandaoni hazina haja nazo. Makasha ya World Cinema Project, mradi wa Martin Scorsese, yana Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania na Sambizanga ya Sarah Maldoror, zote zikiwa zimekarabatiwa. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyetaka kuziona aliishia kwenye nakala mbovu. Kasha la namna hiyo linastahili bei yake. Kasha la filamu maarufu lenye sanamu na kadi za picha halistahili, isipokuwa kama mnunuzi anaitaka sanamu.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana jambo moja zaidi la kuangalia. Diski nyingi za Blu-ray za Criterion zinazouzwa Marekani zimefungwa kwa eneo A, na mashine za Afrika na Ulaya ni za eneo B. Diski za 4K hazina kufuli hilo, lakini Blu-ray inayoambatana nazo, ambayo ndiyo hubeba nyongeza, mara nyingi inalo. Kabla ya kutoa fedha, atafute picha ya mgongo wa kasha na kuhakikisha kwamba herufi B ipo.