Kicheko cha Majuto barabara ya Mikumi

Nanenane kwa watu wa Kilosa ni safari ya Morogoro mjini, kwenye maonesho ya Kanda ya Mashariki, wanakokutana na wakulima wa Pwani, Dar es Salaam na Tanga. Usiku wa siku hiyo, Agosti 8, 2018, ndipo habari ilipotoka Hospitali ya Muhimbili: mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto, hatunaye tena.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani angali mtoto wa miaka 9. Kanda za video zilipoingia alikuwa miongoni mwa wa mwanzo nchini kurekodi vichekesho. Baadaye akaigiza na mchekeshaji mwenzake Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012.

Huku kwetu hakuhitaji kutambulishwa. Basi la Iringa likishatoka Morogoro, konda anaweka filamu yake. Baada ya Doma barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Tembo wako pale pale kando ya lami, na abiria macho yote kwenye runinga. Majuto kanaswa na uongo wake mwenyewe, kakodoa macho, na bado anaapa. Nimemwona mama aliyepakata mtoto akicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na alipoulizwa anashuka wapi, tayari kituo chake kilikuwa kimepita. Kilosa mjini watoto walijazana vibanda umiza kumtazama yeye huyo huyo.

Ndiyo maana habari za miezi yake ya mwisho zilituuma. Tezi dume ilimlaza, akapelekwa India kutibiwa, akarudi. Akiwa kitandani ndipo taifa likasikia habari ya mikataba yake ya matangazo: sura yake imeuza bidhaa za watu, malipo hayalingani na kazi. Waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua njema, lakini kwa Majuto ilichelewa mno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mzee aliyechekesha nchi nzima alipaswa kuwa na mwanasheria pembeni yake siku anaposhika kalamu, si siku anapougua. Na sisi tulionunua nakala za kudurufu stendi kwa bei ya karanga, tulikula jasho lake vilevile.

Siku hizi vichekesho vipo kwenye simu, vya dakika moja moja, na vijana wanaojitafutia riziki humo ni wengi; somo la mikataba ya Majuto linawahusu nao.

Majuto alizikwa kwao Tanga. Filamu zake bado zinapanda mabasini, na yakifika Mikumi abiria wengine hawashuki hata kununua mahindi ya kuchoma. Wanasubiri kuona mzee atatokaje kwenye uongo wake.