Neno la Kifaransa Ndani ya Laptopu ya Mtumba

Laptopu ninayoandikia makala haya ni mtumba. Niliinunua kwenye kibanda cha fundi hapa Ziwa la Ng'ombe, mwaka ule niliporudi nyumbani kutoka chuo na begi moja na deni la karo. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili. Wa tatu ukanishinda, si kwa masomo, kwa pesa. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sasa utafanya nini, mwanangu?" Nikamwambia nitaandika. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Utaandikia nini?"

Ndipo nikaenda kwa fundi. Alikuwa na rafu nzima ya mashine zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya zikaletwa bandarini Kilindini. Akachomoa moja nene, nzito kama tofali. "Chukua hii. Nitakutilia Linux. Za umri huu shida yake huwa ni picha kwenye skrini, lakini hii nimeijaribu, iko sawa." Alipoiwasha akaandika amri moja kunionyesha vifaa vilivyomo ndani. Katikati ya nambari na maneno ya Kiingereza nikaona neno moja geni: nouveau.

"Hiyo ndiyo draiva ya kadi ya grafiki," akasema. "Ya bure."

"Mbona jina la Kifaransa?"

"Hayo sasa niulize nini, mwanangu. Mimi najua inafanya kazi."

Nouveau kwa Kifaransa ni "mpya". Mashine kuukuu kuliko zote kibandani, na ndani yake kuna kitu kinachojiita mpya. Nilirudi nayo nyumbani, nikanunua bando la usiku, nikaanza kusoma. Usiku mmoja ukawa wiki kadhaa. Hii ndiyo historia niliyoikuta.

Tuanze na draiva yenyewe, maana wengi wetu tunaitumia kila siku na hatujawahi kukutana nayo. Skrini haijichori. Kuna chipu inayopiga hesabu ya kila nukta unayoiona, na hiyo ndiyo kadi ya grafiki. Kiini cha mfumo wa kompyuta, wenyewe wanakiita kerneli, ndicho kinachogawa kumbukumbu na zamu za prosesa. Lakini kerneli haizaliwi ikijua lugha ya kila kadi duniani. Inahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ndiye draiva.

Lugha yenyewe ni nambari. Kadi ina rejista, yaani vijisanduku vya kuandikiwa nambari. Tia nambari fulani kwenye sanduku fulani, kadi ichore pembetatu. Tia nyingine kwenye sanduku jingine, feni iongeze kasi. Aliyetengeneza kadi ana kitabu cha maana za nambari hizo. Swali la historia hii yote ni moja tu: asipokupa kitabu, utafanyaje?

Fikiria makanga wa matatu za kutoka mjini kuja Bombolulu. Anagonga bodi mara moja, dereva anasimama. Anagonga mara mbili, gari linaondoka. Hakuna aliyekufundisha lugha hiyo shuleni. Uliipata kwa kupanda gari kila siku na kutega sikio. Sasa weka picha hiyo kichwani, maana ndivyo walivyofanya watu wa nouveau.

Kampuni za kadi za grafiki hazikufuata njia moja. Intel iliwalipa watu waandike draiva za wazi. AMD, iliyokuwa imeinunua ATI mwaka 2006, ilitangaza Septemba 2007 kwamba itaanza kutoa nyaraka za kadi zake. Nvidia ilibaki na draiva yake iliyofungwa. Ilifanya kazi vizuri, ila ndani yake hakuna wa nje aliyeweza kusoma wala kurekebisha. Pembeni ilikuwepo nyingine ndogo ya wazi iliyoitwa nv. Hiyo ilichora mambo mepesi tu, na msimbo wake ulijaa nambari tupu zisizo na majina. Ukiisoma ni kama kusikia makanga anagonga bodi bila kuliona gari.

Mfaransa mmoja, Stéphane Marchesin, akaanza kuichokonoa nv katikati ya miaka ya 2000. Jina la kazi yake lilitokea kwa bahati. Programu yake ya kuchati ilikuwa na tabia ya kukamilisha maneno kwa Kifaransa. Kila alipoandika "nv", ikampendekezea "nouveau". Jina likanata. Kwa hiyo lile neno lililonishangaza kibandani halikuwa fahari ya mtu yeyote. Lilikuwa kosa la kibodi, kama yale ya simu yako inapokubadilishia Kiswahili kuwa Kiingereza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Waliandika programu iliyoitwa REnouveau. Inachora kitu kidogo, tuseme pembetatu, kwa kupitia draiva iliyofungwa, kisha inarekodi nambari zilizopelekwa kwenye kadi. Halafu inabadilisha jambo moja tu, labda rangi, na kurekodi tena. Ukilinganisha rekodi mbili, pale zinapotofautiana ndipo rangi inapokaa. Watu wa nchi mbalimbali waliiendesha kwenye kadi zao na kutuma matokeo. Wengi wao hawakujua kuandika hata mstari mmoja wa draiva. Walikuwa na kadi, wakatoa walichokuwa nacho.

Chombo cha pili kilinifurahisha zaidi. Kinaitwa mmiotrace, kikaendelezwa na Pekka Paalanen wa Finland, na kikaingizwa kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6.27 mwaka 2008. Kinaidanganya prosesa kwamba sehemu ya kumbukumbu inayoelekea kwenye kadi haipo. Draiva iliyofungwa ikibisha hodi pale, prosesa inashtuka na kusimama. Mmiotrace inaandika nani kabisha, kabeba nambari gani, kisha inamfungulia apite. Draiva inaendelea na kazi yake wala haina habari kwamba mlangoni kuna mtu ameketi na daftari.

Mapema mwaka 2007 kukafanyika kitu ambacho Mkenya yeyote angekiita harambee. Mtu mmoja aliahidi mtandaoni kutoa dola 10 kwa mradi huu iwapo wengine 1,000 wangefanya hivyo. Wenye mradi wenyewe hawakuwa wameomba, wala hawakuwa wameambiwa.

Juni 2009 Fedora 11 ilitoka ikiwa na nouveau kama draiva yake ya kawaida kwa kadi za Nvidia. Kazi kubwa ilibebwa na Ben Skeggs wa Australia, aliyeajiriwa na Red Hat. Mwezi huohuo waya wa intaneti wa TEAMS ulitua hapa Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata ule wa SEACOM ukaanza kazi. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwangu yanakutana. Bila nyaya zile, bando langu la usiku lisingekuwepo, na kazi ya akina Skeggs ningeisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Desemba 2009 Linus Torvalds, mwenye Linux, alilalamika waziwazi: ikiwa Fedora inawapa watu nouveau, mbona haimo ndani ya kerneli? Ikaingizwa, na toleo la 2.6.33 likatoka nayo Februari 2010. Tangu siku hiyo, yeyote anayetilia Linux mashine yenye kadi hizo, awe Helsinki au Ziwa la Ng'ombe, huikuta draiva imeshafika kabla yake.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia hapo.

Juni 2012, kwenye mazungumzo katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, Torvalds aliulizwa kuhusu Nvidia. Akasema ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akainua kidole cha kati mbele ya kamera. Video ikasambaa dunia nzima. Mwaka uliofuata, Septemba 2013, Nvidia ilianza kutoa nyaraka kidogo kwa watu wa nouveau. Wengi wakadhani mlango umefunguka.

Mwaka 2014 zikatoka kadi za mfululizo wa 900 na kufuli jipya. Sehemu muhimu za kadi sasa zilikubali fimwea yenye saini ya kidijitali ya kampuni peke yake. Fimwea ni programu ndogo inayoishi ndani ya kifaa chenyewe, na moja ya kazi zake hapa ni kuruhusu kadi ipandishe kasi. Kadi inawaka ikiwa na kasi ya chini, na bila saini inabaki hapohapo. Ni gari lililokwama gia ya kwanza. Saini hiyo huwezi kuijua kwa kutega sikio, hata ukiketi mlangoni na daftari miaka kumi. Unaweza kujua maana ya kila nambari na bado usitiiwe.

Hapa ndipo nilipokoma kusoma kama shabiki. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kila kilichofungwa hufunguka kwa subira, na imani hiyo ilikuwa inanifaa sana, mimi niliyeachwa nje ya lango la chuo. Kumbe kuna milango ya aina mbili. Kuna uliofungwa kwa sababu hakuna aliyekueleza, na kuna uliofungwa kwa sababu mwenye ufunguo ameamua. Wa kwanza unaupita kwa kujifunza. Wa pili unamhitaji mwenye ufunguo abadilishe nia, na nia hiyo hubadilishwa na wanunuzi wakubwa, sheria, au aibu.

Nia ilibadilika, ila kwa kadi mpya. Mei 2022 Nvidia ilitoa wazi msimbo wa sehemu ya kerneli ya draiva yake, kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing, kilichotoka 2018. Kadi hizo zina prosesa ndogo ya ndani inayobeba kazi nyingi, na fimwea yake, ingawa bado imefungwa, inaruhusiwa kutumiwa na nouveau. Linux 6.7, ya Januari 2024, ikaanza kuitumia. Skeggs aliacha usimamizi wa nouveau mwaka 2023, na mwaka uliofuata akaanza kutuma kazi yake akiwa ndani ya Nvidia yenyewe. Sasa inaandikwa draiva nyingine, Nova, na msingi wake uliingia kwenye kerneli mwaka 2025.

Sasa piga hesabu kama mtu wa mtumba. Kadi za kabla ya 2014 watu walizisoma, na nyingi zinatumika vizuri. Za kuanzia 2018 zina njia. Zilizobanwa katikati ni za mfululizo wa 900 na 1000: nouveau inazionyeshea picha, lakini kasi yake haipandi. Draiva ya kampuni ndiyo inayozitumia ipasavyo, na kampuni imeshatangaza kwamba draiva za toleo la 580 ndizo za mwisho kwa vizazi hivyo. Mashine za ofisi hufika kwetu zikiwa na miaka kadhaa mgongoni. Yaani kizazi kilichobanwa ndicho kinachoteremshwa bandarini sasa.

Usiogope kila laptopu. Nyingi zina grafiki za Intel pia, na draiva zake ni za wazi. Lakini kijana anayetaka kujifunza kuhariri video au kutengeneza michezo, akauziwa mashine kwa sababu ya ile stika ya kadi kubwa, anastahili kujua kabla hajatoa pesa.

Kuna jambo jingine sitaki nilifiche. Mtu akiacha chuo hupewa haraka orodha ya mabilionea walioacha chuo. Historia hii haisemi hivyo. Wengi wa walioibeba nouveau kwa miaka mingi walikuwa na mshahara, na wengi walikuwa wamesoma vyuoni. Ni kweli wapo kama Alyssa Rosenzweig, aliyeanza kazi ya Panfrost, draiva ya wazi ya chipu za Mali zilizojaa kwenye simu za bei nafuu, akiwa bado sekondari. Lakini subira nayo inakula. Inataka umeme, bando na mtu wa kulipia unga. Mimi unga nilikuwa nakula wa Mama.

Mwezi uliopita nilimrudia fundi nikamweleza haya yote, kuanzia kosa la kibodi hadi saini. Alisikiliza huku anafungua skrubu. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu: "Sasa nikienda kuchagua mzigo, nitazijuaje?"

Nikachukua karatasi na kalamu. Nikamwandikia kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: mifululizo ipi inafaa, ipi itamtaabisha mteja, na ile amri ya kuandika ili kadi ijitaje jina. Akaibandika ukutani, karibu na bei za chaja. Juzi nilipita nikamkuta msichana wa sekondari amesimama mbele yake, anainakili kwenye daftari.

Mama aliuliza nimelipwa ngapi. Nikamwambia chaja. Akacheka, akasema basi si haba, maana yangu ilikuwa imeungwa kwa selotepu.